Barua ya wazi: Msiisingizie ndege, mlingoti haukuwa na soksi

Kwenu mnaosimamia viwanja vya ndege vya vumbi na vya nyasi huku Kusini, na kwenu viongozi wa wilaya na wa mkoa wetu wa Lindi.

Shikamooni kwa mlionizidi umri. Kwa wengine, habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, mbele ya duka la pembejeo, na shamba langu la mikorosho, ekari tatu alizoniachia marehemu baba, limepakana na kiwanja kimoja cha ndege upande wa Nachingwea. Jina la kiwanja silitaji, mnalijua, faili lake mnalo tangu mwezi wa saba mwaka jana. Naandika kuhusu ile ndege ndogo ya watu wawili iliyoishia mferejini mwisho wa kiwanja. Naandika pia kwa sababu ya neno moja nililolisikia kikaoni, likarudiwa na kila aliyesimama mpaka likawa ndiyo hukumu: kwamba ile ilikuwa "ndege ya kienyeji", mtu kajiundia nyumbani kwake, mlitegemea nini?

Kuku wa kienyeji mnamlipia mara mbili ya wa kisasa na hamuulizi kafugwa wapi. Ndege ikiitwa ya kienyeji, uchunguzi umekwisha.

Niwaambie nilichokiona, maana nilikuwa karibu kuliko yeyote kati yenu.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanja kile. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi na kuitunza soksi ya upepo, lile bomba la kitambaa juu ya mlingoti linalomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Alisema wazee waliomtangulia walikikuta kiwanja kikichongwa na matingatinga ya Waingereza enzi za mradi wa karanga, baada ya 1947, wakati Nachingwea ilipoletewa hadi reli kutoka Mtwara. Karanga zilikataa, mradi ukafa, reli ikang'olewa miaka ya sitini. Vilivyobaki ni viwanja na mashimo ya mataruma. Mlingoti wa soksi baba aliutunza kama watu wanavyotunza mti wa kivuli. Alfajiri, kabla hajanawa uso, anatoka nje kuitazama. Ikilala kwenye mlingoti, shwari. Ikiinuka nusu, upepo upo lakini mpole. Ikinyooka kama mkono wa trafiki, anasema, "Leo rubani atatoka jasho." Nikiwa mdogo nilidhani lile ni pambo.

Watu husema bendera hufuata upepo, wakimsema mtu asiye na msimamo. Baba hakuupenda msemo huo. Alisema bendera isiyofuata upepo ni kitambaa kilichoanikwa tu.

Baba alipostaafu hakuletwa mtu mwingine. Soksi ilichanika msimu mmoja wa kusi, ikabaki utepe, kisha utepe nao ukaondoka. Bati la duara linaloshika mdomo wa soksi likala kutu. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja mlingoti ule unasimama uchi. Kwenye ofisi zenu, hilo mniruhusu niliseme, sijawahi kuona mlingoti wa bendera bila kitambaa.

Siku ya ajali nilikuwa shambani, napalilia na kufagia chini ya mikorosho. Mwezi wa saba ndio tunapulizia salfa, na kila anayepulizia salfa anajua habari za upepo kuliko anavyojijua mwenyewe. Tunapulizia alfajiri, umande ungalipo majanini na hewa imetulia. Ukichelewa, kusi linaamka, salfa yako inaenda kumtibia jirani mikorosho na wewe unabaki na macho mekundu. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri. Kusi lilikuwa limeamka zamani. Majani makavu niliyoyafagia yalikuwa yanakimbia kuelekea magharibi peke yao.

Nikasikia mlio. Ndege ikatokea upande wa mashariki, nyeupe, mstari wa bluu ubavuni, ndogo kiasi kwamba vichwa viwili vilionekana ndani yake. Ikazunguka mara moja juu ya kiwanja, chini kabisa, ikiinamia upande wa ule mlingoti. Nikajua wanatafuta nini. Hakikuwepo. Hapakuwa hata na mtu anayechoma takataka siku ile, wakasoma moshi. Ikaenda mbali kidogo upande ilikotoka, ikageuka, ikaanza kushuka ikitokea mashariki, upepo mgongoni.

Mimi darasa la saba, lakini ni mtoto wa mlinzi wa kiwanja. Ndege hutua ikiutazama upepo usoni. Nilitupa jembe nikakimbia nikipunga kanga. Nani aone kanga?

Iligusa chini mbali, mbele sana ya pale ambapo baba alikuwa akisema ndiyo pa kugusia. Ikadunda mara moja. Ikagusa tena, na safari hii ikawa inakimbia kwa kasi ambayo sijapata kuiona kwenye kiwanja kile. Ilikuwa ya aina ile yenye magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani. Mkia ukaanza kuhama, kwanza kidogo, kama baiskeli kwenye mchanga, halafu wote kwa mpigo ukataka kwenda mbele ya pua. Bawa la kulia likakwangua ardhi, mguu mmoja ukakunjika, ikazunguka na kuingia mferejini ubavu ubavu. Vumbi. Kisha kimya, na pangaboi lililopinda ncha likimalizia mzunguko wake wa mwisho polepole.

Niliambiwa baadaye kwa hesabu, na hesabu hiyo naiweka hapa kwa kuwa sikuisikia kikaoni. Ndege ile hushuka kwa mwendo wa kama kilomita 110 kwa saa hewani. Chukueni upepo wa kilomita 25. Ukija kinyume chake, unagusa ardhi ukiwa na mwendo wa 85. Ukija nao mgongoni, unagusa ukiwa na 135. Mtu atasema tofauti ni hamsini tu. Lakini nguvu unayotakiwa kuiua ili usimame haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya mara mbili na nusu. Ndege ileile, kiwanja kilekile, rubani yuleyule. Kilichobadilika ni upande aliotokea, na upande aliuchagua bila kitambaa cha kumwelekeza.

Nilifika wa kwanza, na nyuma yangu wakafika vijana, sijui walitokea wapi, simu juu, wanarekodi. Mafuta yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bawa. Harufu ni petroli ileile ya bodaboda. Kijana mmoja alikuwa na sigara, mwingine alishavua kofia yake anataka kukingia mafuta. Sikuwa na maneno ya kitaalamu. Nilipiga kelele moja tu: "Morogoro!"

Wakasimama. Kila mmoja akarudi nyuma hatua kumi bila kuambiwa. Nadhani hakuna Mtanzania asiyelijua lile lori la mafuta lililolipuka watu wakichota petroli, tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, na watu zaidi ya 100 waliokwenda nalo. Yule wa sigara aliizika mchangani kwa kisigino na hakuthubutu kututazama.

Ndani walikuwa mzee na mkewe. Mzee alikuwa na akili zake. Alinyoosha mkono wa kushoto akafunga koki ya mafuta, akazima swichi, ndipo akatazama mkono wa kulia na kuona kwamba umevunjika. Mkewe paji la uso lilikuwa linavuja damu, na maneno yake ya kwanza yalikuwa Kiswahili: "Pole, tumeharibu shamba ya mtu." Alikulia Kenya, Nakuru. Nilicheka nikiwa nalia. Tuliwatoa kwa kulegeza mikanda. Mzee tulimlaza kwenye kitanda cha kamba kutoka nyumba ya karibu, tukakipandisha kitanda kizimakizima kwenye kirikuu ya mnunuzi wa ufuta, wakaenda hospitali. Hakuna aliyetufundisha. Simu zilipigwa, zikapokewa, tukaambiwa tusubiri. Tusingesubiri.

Mnakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria, watu 43, ziwani, uwanja wa ndege unaonekana kwa macho, na waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa. Nchi nzima ilisema tumejifunza. Huku kwetu hakuna ziwa, kuna mfereji, na waliofika kwanza ni mimi na wavuta sigara.

Usiku ule mwenyekiti wa kijiji aliweka sungusungu. Ilikuwa lazima. Kabla ya magharibi mnunuzi wa skrepa alishapita na mizani yake, anasema alumini ile ingetoka vizuri. Tuliifunika ndege kwa maturubai ya kuanikia korosho na tukakubaliana hakuna kugusa hata ribiti moja, vile vimisumari vinavyoshika bati la ndege, mpaka wachunguzi waje. Walipokuja, siku kadhaa baadaye, nawasifu, walipima, walipiga picha, waliniuliza na wakaandika. Taarifa yao sijaiona na siisemei. Mimi si mchunguzi. Ninachojua, kwa kuwa mmoja wao aliniambia bila haraka, ni kwamba kanuni za kimataifa zinasema uchunguzi wa ajali ya ndege una kazi moja, kuzuia nyingine isitokee. Haufanywi ili kumtafuta wa kulaumiwa. Nililipenda neno hilo. Ndiyo maana kikao kilichofuata kilinichoma.

Kikao kiliitishwa na ofisi moja, nami nikaitwa kama shahidi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Walizungumza saa nzima. Kwamba ndege za namna ile zisiruhusiwe kupita. Kwamba mzungu gani huyu anaunda ndege gereji kama mtu anayechomelea mageti. Kukatolewa mfano wa yule kijana wa Tunduma aliyeunda helikopta, watu wakacheka. Mlingoti haukutajwa. Niliponyoosha mkono nikaambiwa, "Mama, maelezo yako tunayo."

Sasa hiyo ndege ya kienyeji niwaeleze, kwa kuwa nilikwenda hospitali mara tano, kila mara na uji, na mzee, mkono uko kwenye hogo, hakuwa na la kufanya ila kuzungumza, mkewe akitafsiri. Ni fundi umeme mstaafu wa Afrika Kusini. Ndege ile alikaa nayo miaka saba. Alinionyesha daftari lake. Mimi ni fundi, najua daftari la fundi mwongo lilivyo. Hili lilikuwa na picha ya kila hatua, tarehe, na sahihi ya mkaguzi aliyekuja kutazama kabla ubavu haujafunikwa, maana ukishafunikwa hakuna atakayeona tena. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya ribiti kumi na nne zilizozungushiwa kalamu nyekundu. Alikuwa amezipiga vibaya, mkaguzi akamwambia azitoboe zote azipige upya. Amezipiga upya, picha ya pili iko chini yake. Nilifikiria sare za shule ninazoshona na pindo ninazozificha. Sisemi zaidi.

Wenzetu walianza zamani na walianza vibaya. Miaka ya 1930 Mfaransa mmoja, Henri Mignet, alitoa ramani ya kindege ambacho mtu wa kawaida angeweza kujiundia. Watu wa Ufaransa na Uingereza wakakimbilia kukiunda, na kikaanza kuwaua. Wakubwa wa kule hawakuishia kusema ni vya kienyeji. Walikichukua kindege chenyewe wakakiweka mbele ya mashine kubwa za kupuliza upepo, wakapima, wakapata ugonjwa: kikiinamisha pua kupita kiasi, usukani haukuwa tena na nguvu ya kuiinua. Wakavizuia kwa sababu iliyopimwa. Baada ya vita, mwaka 1946, Waingereza wapenda ndege ndogo wakaunda chama, ambacho leo kina wakaguzi wake wa ndege za kujiundia. Marekani chama chao kilianzishwa 1953 mjini Milwaukee na Paul Poberezny. Huko sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na waundaji wenyewe, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, na ndege mpya kwa kawaida hurushwa kwanza saa 25 au 40 za majaribio, eneo maalumu, bila abiria. Hizi ndege zinaanguka, sikatai, na za kiwandani zinaanguka. Lakini kusema tu "aliiunda mwenyewe" ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu alizaliwa nyumbani.

Nisiwafiche la upande wake. Mzee alikubali makosa, tena bila kuulizwa. Alikuwa ametoka Mtwara akielekea Songea, mawingu yakashuka upande wa Tunduru, akaamua kutua kwetu asubiri. Alipoondoka Mtwara asubuhi upepo ulikuwa mdogo ukitoka bara, naye akaubeba upepo huo kichwani mpaka Nachingwea. Alisema alipaswa kuzunguka mara ya pili na ya tatu, atazame miti, atazame vumbi la pikipiki barabarani. Alisema pia kwamba alipogusa ardhi kiwanja kilikuwa kimeshamwishia, na rubani mwenye akili hapo anaongeza moto ananyanyuka tena. "Sikunyanyuka," alisema. Mkewe alipotafsiri hilo alimtazama kwa jicho ambalo wake wote wanalijua.

Basi yeye sehemu yake ameichukua. Iliyobaki ni yenu.

Nilimuuliza soksi inatakiwa iweje. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaomba kalamu, akachora kwa mkono wa kushoto. Vipimo viko kwenye kanuni za viwanja za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake, na kanuni hizo zinasema kila kiwanja kiwe na angalau kifaa kimoja cha kuonyesha upande wa upepo. Urefu usipungue mita 3.6. Mdomo mpana usipungue sentimita 90. Rangi ionekane na kusomeka ukiwa mita 300 juu. Ikiwa rangi ni mbili, kama chungwa na nyeupe, ziwe mikanda mitano, wa kwanza na wa mwisho iwe ile iliyokoza. Chini yake duara la kipenyo cha mita 15, upana wa mstari mita 1.2, ili rubani ajue pa kutazama.

Nikamwambia mkewe, mwambie mzee hiyo ni sketi. Sketi ya pande nne iliyobanwa chini, bila mkanda.

Kitambaa kilinisumbua. Turubai ni zito, upepo mdogo hauliinui, nayo soksi isiyoinuka inadanganya. Kanga inakunywa maji ya mvua na inapauka. Nikatumia kile kitambaa chepesi tunachokiita parashuti, ambacho watu wanashonea suti za michezo, nikakipata rangi ya chungwa kwa Mhindi na nyeupe sokoni. Mdomo wa sentimita 90 unakula mita mbili na sentimita 83 za kuzunguka, kabla ya pindo. Mkia nikauachia nusu yake. Mishono nilipiga mara mbili na kuilaza. Halafu kikaja kitendawili cha kuzunguka: soksi isipozunguka yenyewe inajisokota mlingotini kama mbuzi aliyefungwa. Fundi baiskeli wa jirani akanipa habu ya gurudumu la mbele, gololi zake nzima, akaipaka grisi, akachomelea ringi. Ukiipuliza kwa mdomo inageuka. Watoto wa shule ya msingi wakapanga mawe na kuyapaka chokaa, duara likatoka zuri, limepinda kidogo upande wa kaskazini.

Shilingi elfu arobaini na nne, bila kuhesabu kazi yangu. Tulimwarifu mtendaji, tukapandisha soksi Jumamosi. Ilijaa mara moja, ikanyooka kuelekea magharibi, na mzee, aliyekuwa anaondoka siku ile kwa gari, aliomba lisimamishwe barabarani ili aione. Alikaa anaitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mkono wake.

Siku ya nne kijana alikuja na pikipiki na barua yenye mhuri. Kitu kisicho rasmi kwenye eneo la kiwanja. Kishushwe. Nilimuuliza, rasmi ni kipi? Akasema si maneno yake, katumwa tu. Halafu, kwa upole, maana nilimshonea sare za kidato cha kwanza: "Mama, wanasema hiyo ni soksi ya kienyeji."

Tuliishusha.

Sikatai kwamba mna hoja. Soksi iliyoshonwa ovyo ni hatari kuliko mlingoti mtupu, kwa sababu mtupu angalau haudanganyi. Ingekuwa mmekuja na futi kamba mkaipima, mkakuta mdomo una sentimita 87, ningeifumua usiku uleule. Hamkuipima. Na tangu mlipoiondoa, mmeweka nini? Nilipita jana. Bati la kutu, na juu yake kunguru.

Msiniambie kiwanja kile hakitumiki. Mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya na mvua zile zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, malori yalilala siku kadhaa na abiria wakalala chini yake. Siku barabara ikikatika tena na kukawa na mama anayetakiwa kufikishwa mbali, ndege itakayomfuata itakuwa ndogo, na rubani wake atazunguka mara moja juu yetu akitazama upande wa mlingoti. Hiyo itakuwa ya kiwandani, ina makaratasi yote. Upepo wa mgongoni hausomi makaratasi.

Sidai fidia ya mikorosho minne iliyokatwa matawi; imeshachipua. Sidai hata mlinzi, ingawa kiwanja kinamhitaji na mbuzi wanalijua hilo. Sidai mniombe radhi kuhusu kile kiti cha karibu na mlango. Ninataka neno "ndege ya kienyeji" litoke kwenye muhtasari wa kikao kama ndiyo sababu ya ajali, kwa kuwa hakuna aliyeipima sababu hiyo pale, na mlingoti uandikwe. Na ninataka soksi. Ikiwa mnayo yenu kwenye bohari, ileteni, nami nitakuwa wa kwanza kuipigia vigelegele. Ikiwa hamna, njooni mpime yangu.

Iko nyumbani, nimeikunja ndani ya kiroba kisafi cha salfa, juu ya kabati ambako panya hawafiki. Habu ya baiskeli nimeitia grisi upya Jumapili iliyopita. Kamba nimenunua mpya, mita kumi na mbili. Ngazi ataleta fundi baiskeli. Anasema anahitaji taarifa ya nusu saa tu. Njooni alasiri, kusi likiwa limeamka, mwione wenyewe kabla hamjatia sahihi.

Wenu,
Fundi cherehani wa barazani,
Nachingwea, Lindi.